Sebule ya Shangazi, Upanga

Jengo letu la Upanga lilikuwa na ghorofa tatu na fleti sita, na zote sita zilijengwa kwa ramani moja. Mlango wowote uliofungua uliingia kwenye sebule ya futi 10 kwa 12, yenye dirisha moja la vioo vya luva upande wa magharibi, swichi ya taa mkono wa kulia na mlango mwembamba wa kutokea kwenye roshani iliyotosha mtu mmoja na beseni lake la nguo. Nyuma ya sebule kulikuwa na chumba kimoja cha kulala, jiko na bafu. Sakafu zote zilikuwa za sementi nyekundu, na kuta zote zilipakwa chokaa ya rangi ya krimu. Aliyelijenga miaka ya 50, mfanyabiashara wa Kihindi, hakumpendelea mpangaji yeyote.

Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ndipo ngazi za Upanga zikaanza kupandwa na watu wa kila namna: makarani, walimu, wauguzi wa Muhimbili, pamoja na familia za Kihindi zilizobaki. Shangazi yangu alipata fleti ya ghorofa ya juu kwa kuwa alikuwa mpiga chapa katika wizara mojawapo. Hakuwa na mume wala mtoto. Kwetu Masasi, mwanamke wa umri wake kuishi peke yake, na ufunguo wa mlango uko mkobani mwake, lilikuwa jambo la kuulizwa kila likizo. Alisikiliza maswali yote kwa adabu, akarudi Dar es Salaam, akaendelea kuitengeneza sebule yake.

Nilikwenda kuishi naye mwaka 1981, nilipochaguliwa kuingia sekondari mjini. Nilikuwa binti wa kijijini mwenye sanduku la bati, na kabla ya kuijua sebule ya shangazi nilizijua sebule za majirani, maana kila jioni nilitumwa: peleka chumvi chini, rudisha sufuria, omba moto wa kuwashia jiko. Kwa hiyo nilijifunza mapema kwamba chumba kile kile, kwa vipimo vile vile, kinaweza kuwa nyumba ya watu wasiofanana hata kidogo.

Chini aliishi muuguzi na mumewe na watoto wao wanne. Sebule yao ilijaa vitambaa vya kufuma. Yule mama alifuma kwa kroshia akiwa zamu ya usiku, wodi ikishatulia, na kila alichomaliza kilipata mahali: mgongoni mwa kila kochi, kwenye mikono ya makochi, juu ya redio, juu ya chupa ya chai, na kimoja kikubwa cha mtindo wa nanasi katikati ya meza. Jumamosi alivifua kwa bluu, akavitia wanga wa muhogo, akavinyoosha kwa pini juu ya godoro hadi vikauke vikiwa vigumu, kingo zake zimesimama wima. Watoto wanne walicheza humo bila kuking'oa hata kimoja. Ukiingia kwake ulijua uko kwa mtu anayehesabu kila tundu la uzi, anayeweza kukesha na mgonjwa hadi alfajiri bila kupandisha sauti.

Ghorofa ya pili waliishi bibi mmoja wa Kigujarati na mwanawe. Katikati ya sebule yao ilining'inia bembea ya ubao kwa minyororo ya shaba iliyoshikwa darini. Ilikula karibu nusu ya chumba, nao hawakuona hasara. Bibi alikaa hapo jioni, akisukuma sakafu kwa ncha ya kidole cha mguu, sinia la dengu mapajani, akichambua mawe. Aliyekuja kwake na shida alikaribishwa pale pale ubavuni pake. Bembea iliwapeleka na kuwarudisha wote wawili kwa mwendo mmoja, na sijui kama ni ubao ule au ni yeye mwenyewe, lakini hapakuwa na mtu aliyekaa pale akaona haya kusema lililomleta. Mimi mwenyewe nilimweleza mambo ambayo shangazi hakuyasikia.

Kisha unapanda ngazi za mwisho, unafika kwa shangazi, na kitu cha kwanza unachokiona ni nafasi.

Alinisimulia kwamba alipokabidhiwa funguo hakuingiza kitu sebuleni kwa msimu mzima wa kusi. Alikuwa na kitanda chumbani na jiko la mafuta ya taa jikoni, basi. Wenzake wa kazini walimhurumia wakidhani ameishiwa. Yeye alikuwa akikisoma chumba. Alikaa chini, mgongo ukutani, mahali tofauti kila jioni, akajua upepo wa bahari unaingia wapi na unakwama wapi. Akajua jua la alasiri linapenya luva na kuuchoma ukuta wa mashariki kuanzia saa kumi hadi magharibi, kwa hiyo chochote cha rangi kitakachowekwa pale kitapauka. Akajua kelele za barabara zinasikika zaidi ukiwa umesimama kuliko ukiwa umekaa. Mambo hayo yaliamua kila kitu kilichofuata. Viti vilikaa penye upepo, ukuta wa mashariki ukaachwa mtupu, na kila kiti kikawa kifupi kuliko vya wengine.

Kuta zilikuja baadaye, na hizo tulizipaka pamoja, likizo yangu ya kwanza. Miaka ile rangi ya dukani ilikuwa adimu kama sukari na sabuni; watu walipanga foleni, na vitu vingi vilitoka kwa kibali. Chokaa ilipatikana. Shangazi aliiloweka kwenye pipa pale roshani usiku kucha, akaichuja kwa khanga kuukuu, akatia chumvi ili ishike ukutani, halafu rangi ya unga ya njano wanayotumia mafundi wa sakafu, kidogo kidogo, huku akijaribia kwenye kipande cha tofali na kukiacha kikauke. Chokaa mbichi hudanganya: ikiwa na maji huonekana nzito, ikikauka hufifia kabisa. Alipoipata aliyoitaka tukaulowesha ukuta kwa maji matupu, tukapaka tabaka jembamba, tukasubiri likauke, tukapaka jingine. Mikono ilituwasha. Tulipomaliza, chumba kilikuwa na manjano tulivu ya nyumba za kwetu zilizosiribwa udongo na wanawake baada ya mavuno. Nilipomwambia hivyo alitabasamu tu, akanituma kusuuza brashi.

Viti vilitengenezwa Keko. Keko ilikuwa na bado ni mtaa wa maseremala, na wakati ule aliyejaliwa fedha alikwenda huko kuagiza seti: kochi la watu watatu, la wawili, mawili ya mtu mmoja mmoja, meza ya katikati na stuli zake. Seti ilikuwa heshima. Waliokuwa na sebule ndogo kama zetu waliinunua nzima, kisha wageni wakawa wanapita kwa ubavu. Shangazi alichora alichotaka nyuma ya karatasi za ofisini, akampelekea fundi: viti viwili vya mninga, vifupi, vyenye mikono mipana ya kuwekea kikombe ili pasihitajike meza katikati, na benchi moja refu lenye kifuniko.

Fundi alimshauri aongeze kochi. Alimjibu, “Fundi, mimi nakaribisha watu. Sikaribishi makochi.”

Benchi lile lilikuwa kwa ajili yangu. Aliliagiza aliposikia nimechaguliwa kuja shule, akampa fundi urefu wa mtu mzima ingawa mimi nilikuwa sijafika. “Utakua,” aliniambia. Mchana lilikuwa kiti cha wageni. Usiku nilifunua kifuniko, nikatoa shuka, mto na chandarua, nikalala. Asubuhi kila kitu kilirudi tumboni mwake kabla chai haijachemka. Nilikuwa nikilala sebuleni, lakini hakuna mgeni aliyewahi kuingia akakuta dalili kwamba chumba kile kina mtu anayelala ndani yake, na hakuna siku niliyojiona nimebanwa pembeni. Nilikuwa na mahali pangu palipokatwa kwa urefu wangu ujao.

Sponji nayo ilikuwa haipatikani, kwa hiyo mito ya viti ilijazwa sufi. Tulinunua gunia zima, tukalichambua mbegu sebuleni dirisha likiwa limefungwa ili nyuzi zisipeperuke, tukatoka humo na nywele nyeupe. Foronya zake ndizo zilizozua maneno. Wanawake wote wa jengo walikuwa na vitambaa vya maua kutoka kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, vizuri kabisa, vyenye rangi za kuchangamsha. Shangazi alikata kaniki. Kaniki ile ya bluu iliyokolea hadi ikakaribia weusi, ambayo bibi zetu walijifunga wakilima na wakibeba kuni.

Muuguzi wa chini alipanda kuja kuona, akashika foronya, akanyamaza kidogo. “Dada, hii si nguo ya shamba?”

“Ndiyo, mwenzangu. Ndiyo niliyobebwa nayo mgongoni.”

Yule mama alikaa, akaupapasa ule mto, wakaanza kuongea habari za mama zao. Alikuwa Mpare, na huko kwao pia walibebwa kwa kaniki. Jioni ile walikaa hadi usiku. Kwenye ukuta wa manjano, kaniki ilisimama kwa namna ambayo kitambaa chenye maua kisingeweza. Jicho lilipumzika juu yake. Macho ya shangazi yalikuwa makali kwa mambo ya rangi, nadhani kwa sababu alishinda mchana kutwa akitazama herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe.

Mkeka tuliutoa Rufiji. Kwenda kwetu kusini wakati ule kulikuwa na kivuko pale Ndundu, kwani Daraja la Mkapa halikufunguliwa hadi mwaka 2003. Mabasi yalipanga foleni kungoja pantoni, wakati mwingine kutwa, na masika njia ilifungwa kabisa. Abiria walilalamika. Shangazi alitumia muda ule kukaa na wanawake waliouza mikeka kando ya foleni. Aliuliza nani amesuka, ukindu umechemshwa kwa rangi gani, kwa nini ukili huu ni mwembamba kuliko ule. Aliukunja mkeka na kuukunjua kusikiliza kama unalia, maana ukindu uliokauka mno hukatika. Ule aliouchagua ulikuwa na milia ya zambarau na nyekundu, na pembeni kasoro moja: mstari mmoja ulirukwa, na msukaji alikuwa ameendelea. Mimi nilimwonyesha mwingine usio na kasoro. Akasema anautaka huu, kwani msukaji wake yuko hapa mbele yetu, tumeiona mikono yake, na kila atakapoukalia atamkumbuka.

Mtungi ulitoka Masasi kwenyewe, mapajani mwangu njia nzima, umefungwa kwa khanga mbili. Uliwekwa kwenye pembe ya sebule palipopita upepo, juu ya kigoda kidogo cha miguu mitatu, kata ya kifuu ikining'inia kando. Hatukuwa na friji. Maji ya bomba la Upanga yalipanda ghorofani kwa shida na yalifika vuguvugu, tukayachemsha, tukayachuja, tukayatia mtungini. Udongo wa chungu kisichopakwa rangi hupitisha unyevu polepole, unyevu ule hukauka kwa upepo na kupoza maji yaliyo ndani. Mgeni aliyepanda ngazi katika joto la Februari aliketi, akanywa maji yenye harufu ya mvua ya kwanza, na uso wake ukabadilika kabla hajasema salamu ya pili. Wapo walioona ajabu mtungi kukaa sebuleni, mahali pa kabati la vyombo vya kioo. Waliuliza, wakanywa, wakaomba tena.

Picha ilikuwa moja tu, nayo iliwashangaza zaidi. Jumapili moja baada ya kanisa tulivuka Daraja la Salenda kwa miguu hadi Oysterbay, pale Morogoro Stores, walipokuwa wachoraji waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga. Shangazi alimfahamu kwa sifa tu. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, jirani na kwetu. Alifanya vibarua vya kila aina Dar es Salaam, akaanza kuchora mwaka 1968 juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, akiuza picha zake chini ya mbuyu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake walibaki wakichora, na wengi wao walikuwa watu wa kusini. Wanunuzi karibu wote walikuwa Wazungu. Shangazi aliwasalimia wachoraji kwa Kimakua, na wawili wakaacha brashi wakaja.

Palikuwa na tausi, tembo, chui, twiga. Alizitazama zote kwa heshima. Kisha akaiona picha ya nungunungu, futi mbili kwa mbili, mnyama mmoja ameijaza hadibodi nzima, kila mwiba umechorwa kwa mstari wake mweupe na nukta nyeusi kichwani, nyuma yake bluu tupu. Utotoni yeye na baba yangu walilinda muhogo usiku dhidi ya nungunungu, wakipiga madebe gizani. “Huyu namjua,” alisema. “Hamfuati mtu. Ila ukimfuata, anakuonyesha.” Alilipa bila kupunguziwa. Tuliibeba picha ile kwa zamu juani, ikitoa harufu ya rangi, na ikaning'inizwa ukuta wa kaskazini, mbali na jua la alasiri, kwa urefu wa macho ya mtu aliyekaa. Hilo la urefu alilishikilia. Watu wengi huning'iniza picha juu kana kwamba wageni watasimama. Yeye alipima nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mgeni.

Ukiviweka vitu vile pamoja, viti viwili, benchi, mkeka, mtungi, nungunungu na redio ya National juu ya kibao cha ukutani, utaona ni vichache. Sebule ilibaki na eneo tupu katikati ambamo mtoto angeweza kulala kifudifudi akiandika kazi ya shule, na ndivyo nilivyofanya miaka yangu yote ya sekondari. Utupu ule ulikuwa sehemu ya mapambo yake. Shangazi alikuwa mtu wa maneno machache yaliyopimwa, asiyependa kukatizwa wala kukatiza, na chumba chake kilimpa kila aliyeingia nafasi ya kumaliza sentensi yake.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Wachache mjini walinasa matangazo ya Zanzibar kwa antena ndefu, lakini kwa sisi wengine hapakuwa na kioo cha kutazamwa, na kwa hiyo viti vya watu vilitazamana. Vya shangazi vilikaa magoti kwa magoti, kwa umbali wa mkono kupokea kikombe. Saa mbili usiku zililia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji mkuu asiyeona, kisha taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na jengo zima likanyamaza, kwani redio zote sita zilisema neno moja. Habari zikiisha redio ilizimwa. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Siku niliyouelewa uzito wa chumba kile ni siku aliyokuja baba mkubwa. Alikuwa kaka mkubwa wa ukoo, mzee wa kanzu na koti, na alikuwa ametumwa. Ukoo ulikuwa umekaa na kuamua kwamba dada yao amekaa mjini vya kutosha, arudi, na kama harudi basi aolewe na mtu waliyekuwa wamekwisha mwona. Habari hizo zilimtangulia kwa barua. Shangazi alisoma ile barua, akaikunja, akapika wali na samaki wa nazi.

Baba mkubwa alibisha hodi akiwa na maneno yake tayari, yalionekana usoni. Nadhani alitarajia kumkuta dada aliyegeuka, sebule ya kizungu, vitu vya kumpa sababu. Nilimpigia magoti, “Shikamoo baba.” “Marahaba mwanangu.” Alikaribishwa kiti, akakaa, kiti kikamshusha chini kuliko alivyozoea, miguu ikafika mkekani. Nikamletea maji. Alikunywa nusu, akasita, akaangalia pembeni.

“Mtungi huu kaufinyanga nani?”

Shangazi akamtajia mwanamke wa kijiji cha pili na ukoo wa mume wake. Baba mkubwa akasema mama wa mwanamke huyo ndiye aliyefinyanga chungu cha harusi ya mama yao wenyewe. Akainamia mkeka, akaona ule mstari uliorukwa, akapitisha kidole. Akagusa kaniki. Akatazama mbele yake, kwa urefu ule ule wa macho ya mtu aliyekaa, akakutana na nungunungu. Kimya kilikuwa kirefu. Halafu akaanza kusimulia usiku ambao yeye, baba yangu na shangazi walisinzia lindoni, asubuhi wakakuta shina moja moja limesimama. Walisimulizana hadi mafuta ya taa ya akiba yakaanza kupungua, maana umeme ulikuwa umekatika. Alilala kwenye benchi langu, na mimi nikalala kwa shangazi. Asubuhi alikunywa chai, akaaga. Maneno aliyotumwa alirudi nayo. Baba aliniambia baadaye kwamba wazee walipomuuliza, jibu lake lilikuwa fupi: “Yuko kwake.”

Nimewaza sana kuhusu jambo hilo. Shangazi hakuwahi kushindana na ukoo kwa mdomo. Hakuandika barua ya kujitetea. Alikuwa ametumia miaka kadhaa kuamua kiti kiwe na urefu gani, mto uvishwe nini, maji yakae wapi, na siku alipohitaji kueleza yeye ni nani, maelezo yalikuwa yamekwisha kuwepo, yamekaa kila upande wa mgeni wake.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani, milango ilifunguka zaidi. Vitu vilimiminika kutoka Dubai. Ilikuwa furaha ya kweli, na sitaki kuidharau: watu waliokuwa wamepangia foleni sabuni walipata zulia la mahameli, meza ya kioo, saa ya ukutani yenye mlio, maua ya plastiki yasiyonyauka. Muuguzi wa chini alinunua kabati la kioo aliloliota miaka yote, akatuchezea ngoma siku lilipoingizwa mlangoni. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, niliona sebule za jengo letu zikianza kufanana. Simba yule yule wa mahameli alikuwa ukutani kwa watu watatu. Shangazi alinunua kitu kimoja, taa ya mezani ya chuma yenye shingo ya kupindwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na alipenda kusoma usiku. Ilikaa kwenye mkono mpana wa kiti chake na haikuhama.

Televisheni zilipoanza Bara mwaka 1994, viti viligeuka. Katika nyumba baada ya nyumba niliona makochi yaliyokuwa yakitazamana yakipangwa upya kuelekea ukuta mmoja, na mgeni akiingia anasalimiwa kwa ubavu wa uso. Hata bembea ya ghorofa ya pili ilizungushwa. Shangazi aliipokea televisheni niliyomnunulia kwa mshahara wangu, akanishukuru, akaiweka chumbani. Sebuleni, alisema, tayari kuna watu.

Alistaafu akarudi Masasi kwa hiari yake, akajenga nyumba ndogo ambayo baba mkubwa mwenyewe alisimamia msingi wake. Msajili wa Majumba alikuwa ameunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na Upanga tangu hapo imebadilika sura: mahali pengi palipokuwa na majengo ya ghorofa tatu sasa pana minara. Shangazi alifariki katika chumba cha manjano. Nungunungu anaye binti wa baba mkubwa, kwa wosia. Benchi ninalo mimi.

Juzi binti wa mdogo wangu alipanga chumba na sebule Mabibo, kwa mshahara wake wa kwanza. Alinitumia picha kwenye simu, nyingi, za sebule za kijivu na makochi makubwa ya kona, akauliza, “Shangazi, nianze kununua nini?” Ni sebule ndogo kuliko ile ya Upanga. Picha zilikuwa nzuri na nilimwambia hivyo. Kisha nilimwambia asinunue kitu kwa sasa. Akae humo chini, mahali tofauti kila jioni, ajue upepo unaingia wapi na jua linaishia wapi. Akumbuke vitu vya kwao ambavyo angeweza kueleza vilitoka kwa nani, hata kama ni viwili tu, na avitafutie mahali kabla ya vingine vyote. Na ajiulize swali moja ambalo muuguzi, bibi wa Kigujarati na shangazi yangu walilijibu kila mmoja kwa namna yake: mtu akija kwako na shida, utamkalisha wapi ili aweze kuisema? Akishapata jibu lake mwenyewe, nilimwambia, aende Keko na mchoro wake mkononi, na fundi akimshauri aongeze kochi, amsikilize kwa adabu.